Nafuu ya kodi ikifutwa, mwenye hisa hubaki na nini?

*Shangazi wa Pesa anajibu barua za wasomaji, kutoka Kibokoni, Mombasa*

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Changamwe, kazi yangu ni kushusha magari melini Kilindini. Kila mwisho wa mwezi hununua vipande vya hisa za Tesla kwa simu, kidogo kidogo. Oktoba 2025 nilisoma kwamba kampuni imeuza magari mengi kuliko robo mwaka yoyote ya nyuma, nikafurahi sana. Wiki tatu baadaye ikatangazwa faida imeshuka. Kuingia Januari, mauzo nayo yameanguka. Wenzangu kazini wanasema ni kwa sababu Marekani imefuta nafuu ya kodi ya magari ya umeme. Hapo ndipo sielewi. Nafuu ilikuwa ya mnunuzi. Mimi mwenye hisa inanihusu nini? Na je, niuze? (Mshusha Magari, Changamwe)

Marahaba, mwanangu. Swali lako la kwanza ni zito kuliko la pili, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Sheria ya Marekani ilimruhusu anayenunua gari jipya la umeme kukata mpaka dola 7,500 kwenye kodi yake ya mapato. Hazikukatwa kwenye mshahara unaotozwa kodi, zilikatwa kwenye kodi yenyewe, dola kwa dola. Miaka ya nyuma, mtu aliyedaiwa kodi ya dola 4,000 alifaidi 4,000 tu, zilizobaki zikampita. Kuanzia Januari 2024 mnunuzi aliweza kumwachia muuzaji nafuu hiyo palepale dukani, na bei ikashuka kabla hajatia saini.

Sasa jiweke mahali pa mwenye kiwanda. Unajua kila mteja anayeingia mlangoni ameshikiwa dola 7,500 na serikali. Je, utashusha bei kwa kiasi hichohicho? Hutashusha. Utaacha bei juu kidogo, mteja ataona nafuu, na wewe utabaki na sehemu yako. Jina lililoandikwa ni la mnunuzi, lakini pesa yenyewe hugawanywa kati ya mnunuzi, kiwanda na mwenye hisa, na mgawo huo huamuliwa na bei. Wewe wa Changamwe ulikuwa ukila fungu lako bila kujua.

Ushahidi upo tangu zamani. Chini ya sheria ya awali, kampuni ikishauza magari 200,000 ya aina hiyo nchini Marekani, nafuu ya wateja wake huanza kupunguzwa. Tesla ilifika hapo mwaka 2018. Tarehe 1 Januari 2019 nafuu ya wateja wake ikakatwa nusu, kutoka dola 7,500 hadi 3,750. Siku iliyofuata kampuni ikatangaza kushusha bei kwa dola 2,000 ili kuziba sehemu ya pengo, na hisa zake zikaanguka siku hiyohiyo. Dola 2,000 hizo hazikutoka kwa serikali wala kwa mteja. Zilitoka kwenye faida, na faida ni ya wenye hisa.

Kisha ikaja sheria aliyoitia saini Rais Biden Agosti 2022. Hiyo iliondoa kikomo cha magari 200,000, lakini ikaleta masharti mapya: gari liunganishwe Amerika Kaskazini, nusu ya nafuu itegemee madini ya betri yametoka wapi, nusu nyingine itegemee vipuri vya betri vimetengenezwa wapi, na bei isivuke dola 55,000 kwa magari madogo au 80,000 kwa SUV na pikapu. Mwanzoni mwa 2023 Model Y ya viti vitano ilihesabiwa kuwa gari dogo, na bei yake ilikuwa dola 65,990. Januari hiyo Tesla ikaishusha hadi 52,990. Dola 13,000 kwa mkupuo mmoja! Nafuu haikuwa sababu pekee, kwa kuwa riba zilikuwa zimepanda na soko limepoa, lakini tazama bei mpya ilitua wapi: chini kidogo tu ya mpaka. Mwezi uliofuata Wizara ya Fedha ya Marekani ikaihamisha Model Y kwenye kundi la SUV, mpaka ukawa 80,000, na bei ikaanza kupandishwa tena. Gari halikuongezwa hata msumari. Kilichobadilika ni mstari mmoja kwenye waraka wa wizara.

Ndiyo maana huwasihi wanaoniandikia kuhusu hisa za magari wasome kurasa za sheria kwa bidii ileile wanayosomea sifa za injini.

Turudi kwenye Oktoba yako. Tarehe 4 Julai 2025 Rais Trump alitia saini sheria iliyofuta nafuu ile kwa magari yatakayonunuliwa baada ya 30 Septemba 2025. Wewe unayefanya kazi bandarini una mfano wake kila mwaka. Nimekaa kwenye ofisi ya klaringi Shimanzi muda mrefu nikipiga hesabu za ushuru, na Desemba ilikuwa mwezi wa kukesha. Gari lililosajiliwa mara ya kwanza Japani mwaka 2018 lilipaswa kufika hapa kabla 31 Desemba 2025 haijapita, kwani Januari linakuwa limepita umri wa miaka minane na halipokelewi. Kila mwagizaji huharakisha, meli hujaa, yadi hujaa. Asiyejua huona biashara imeshamiri. Anayejua huuliza ni magari mangapi kati ya hayo yangekuja Februari na Machi.

Marekani ilikuwa hivyohivyo. Robo ya tatu ya 2025 yaliuzwa magari mapya ya umeme karibu 438,000 nchini humo, rekodi ambayo haikuwahi kufikiwa. Robo iliyofuata mauzo yakaanguka kwa zaidi ya theluthi. Tesla yenyewe ilikabidhi magari 497,099 duniani katika robo ya tatu, kisha 418,227 katika robo ya nne. Ile habari iliyokufurahisha Oktoba ilibeba ndani yake wateja wa miezi iliyofuata. Kwa mwaka mzima wa 2025 ilikabidhi magari machache kuliko 2024, na BYD ya China ikaipita kwa magari yanayotumia betri pekee.

Na faida je, mbona ilishuka katika robo ileile ya rekodi? Faida halisi ya Tesla ilikuwa dola bilioni 1.37, pungufu kwa asilimia 37 ukilinganisha na robo kama hiyo mwaka uliotangulia. Gharama zilipanda, ushuru wa forodha wa huko ukauma. Lakini kuna jambo jingine linalohusu sheria, na hili, mwanangu, ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote niliyoandika juu.

Serikali kadhaa, ya California, ya Marekani na za Ulaya, zimekuwa zikiwawekea watengenezaji kiwango cha moshi au cha mafuta ambacho magari yao yote kwa wastani yasikipite. Anayekipita hulipa faini, au hununua hati za kutochafua hewa kutoka kwa mwenzake aliye na ziada. Kampuni inayouza magari ya umeme tu ina ziada tele. Kutengeneza hati hizo hakuna gharama ya maana, kwa hiyo pesa yake huingia karibu yote kwenye faida. Mwaka 2024 Tesla iliuza hati za dola bilioni 2.76. Robo ya kwanza ya 2025 faida yake halisi ilikuwa dola milioni 409, na mauzo ya hati katika robo hiyo yalikuwa dola milioni 595. Soma namba hizo mbili tena. Bila hati, robo ile ingekuwa ya hasara.

Sasa sheria ileile ya Julai 2025 ilifanya faini ya kitaifa ya matumizi ya mafuta kuwa sifuri. Kampuni za magari ya petroli zikikosa faini, zina haja gani ya kununua hati? Katika robo ya tatu mapato ya hati ya Tesla yalikuwa dola milioni 417, wakati mwaka uliotangulia yalikuwa 739. Kwa hiyo sheria moja ilipiga pande mbili: ikamwondolea mteja nafuu, na ikamwondolea kampuni wanunuzi wa hati.

Usidhani kila mwenye hisa ya magari alilia. General Motors (GM) ilikata dola bilioni 1.6 vitabuni, yaani ilizihesabu kama hasara, Oktoba 2025 kwa sababu mipango yake ya magari ya umeme ilikuwa mikubwa kuliko soko jipya. Hata hivyo hisa zake zilipanda sana mwezi huohuo, kwa kuwa pikapu zake za petroli zinaleta pesa na mzigo wa faini umeondoka. Ford ilitangaza Desemba kwamba itabeba gharama ya dola bilioni 19.5 kwa kubadili mipango yake ya umeme, pamoja na kusimamisha pikapu yake ya F-150 Lightning inayotumia betri pekee. Hyundai ilijenga kiwanda kikubwa Georgia, na kuwahi masharti ya kuunganisha magari Marekani ilikuwa sababu mojawapo ya kukiharakisha, kisha nafuu ikaondoka kiwanda kikiwa bado kipya. Kiwanda hakihamishiki kwa kalamu. Hapo ndipo ninapowahurumia wafanyakazi wa huko, maana mwenye hisa anaweza kuuza kwa simu usiku mmoja, lakini fundi aliyehamisha watoto shule kwenda kufuata kazi hawezi.

Ujerumani nayo ilisimamisha ruzuku yake ghafla Desemba 2023, kwa tangazo la siku moja. Mwaka uliofuata magari mapya ya umeme yaliyosajiliwa huko yalipungua kwa karibu asilimia 27.

Niuze? Sitakuamulia, lakini nitakwambia ningefanya nini na vipande vyako. Ningefungua ripoti ya robo mwaka, ambayo iko bure kwenye tovuti ya kampuni, nikatafuta mstari wa mauzo ya hati, nikautoa kwenye faida, kisha nikaangalia kinachobaki. Ningefanya hivyo kwa robo nne zilizofuatana, siyo moja. Kinachobaki ndicho kampuni inachokipata kwa kuuza magari na bidhaa zake nyingine bila msaada wa bunge lolote. Halafu ningeilinganisha faida hiyo na bei ya hisa. Wengi wanaoshikilia Tesla wanalipia ndoto ya magari yanayojiendesha na roboti. Hiyo ni haki yao, ila basi wajue kwamba wanachonunua ni ndoto hiyo, na wasishangae mauzo ya magari yakipanda na hisa ikashuka, au kinyume chake.

Na jambo moja silifichi: mshahara wa kushusha magari haufai kukaa wote kwenye kampuni moja iliyo ng'ambo, kwa dola, inayotegemea kalamu ya Washington. Karo ya Januari iwekwe mahali pa kutolewa bila presha. Vipande vya hisa viwe vya pesa ambayo hata ikikosekana miaka mitano, nyumbani kunapikwa. Pia ukifikiria kuhamia Ford au GM kwa sababu hulipa gawio (fungu la faida wanalogawiwa wenye hisa), ujue Marekani hukata asilimia 30 ya gawio la Mkenya kabla halijakufikia, kwa sababu nchi zetu mbili hazina mkataba wa kodi.

SWALI: Shangazi, kaka yangu yuko Texas. Alinunua gari la umeme mwaka 2024 na kupewa nafuu ya dola 7,500. Anataka kulileta nyumbani Likoni litumike familia. Inawezekana? (Dada Mtu, Likoni)

Dadangu, haliwezekani, na mwambie mapema kabla hajalipia kontena. Gari la huko lina usukani upande wa kushoto, na Kenya haisajili magari ya namna hiyo kwa matumizi ya kawaida ya familia. Tena nafuu ile ilitolewa kwa gari litakalotumika hasa ndani ya Marekani. Kama nia yake ni kuwasaidia, auze lile huko, na pesa zinunue gari la usukani wa kulia kutoka Japani. Nissan Leaf zilizotumika zinafika hapa Mombasa. Mkiipata, msikubali maneno ya dalali kuhusu betri. Pale kwenye dashibodi kuna vijisanduku vya afya ya betri upande wa kulia, kumi na viwili vikiwa kamili. Vihesabuni wenyewe kabla pesa haijatoka.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Sisi ni chama cha akina mama kumi na wawili Kisauni. Tunataka kuwanunulia vijana wetu pikipiki za umeme watulipe kila siku. Muuzaji anatuhimiza tulipe haraka kabla ya Julai, anasema kodi itabadilika na bei itapanda. Pia ametuomba tuweke akiba yetu kwenye kampuni yake kama wawekezaji wadogo. Tufanyeje? (Katibu wa chama, Kisauni)

Marahaba, wanangu. Mmefanya vyema kuuliza kabla ya kutoa.

Muuzaji anasema jambo lenye msingi. Kenya haina nafuu ya dola 7,500, ila ina njia yake. Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari yanayotumia umeme tu ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi 10. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaziweka pikipiki za umeme, mabasi ya umeme na betri za lithiamu kwenye kiwango cha sifuri cha VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Na ni kweli kwamba mambo haya huguswa kila mwaka Muswada wa Fedha unapoletwa bungeni, na mabadiliko mengi huanza 1 Julai. Muswada wa 2025, kwa mfano, ulikuja na pendekezo la kuhamisha mabasi ya umeme na betri kutoka kiwango cha sifuri kwenda kwenye orodha ya bidhaa zilizosamehewa VAT.

Watu husikia "sifuri" na "kusamehewa" wakaona ni mamoja, kwani mteja halipi VAT kwa vyote viwili. Kwa kiwanda tofauti ni kubwa mno. Bidhaa ikiwa kwenye kiwango cha sifuri, kiwanda hakimtozi mteja VAT, na kinaidai KRA, mamlaka ya mapato, irudishe ile asilimia 16 kilicholipa kwenye vipuri, kodi ya pango na huduma nyingine. Bidhaa ikiwa imesamehewa tu, hakimtozi mteja lakini pia hakirudishiwi kitu. Ile 16 inabaki tumboni mwa kiwanda, na itatokea ama kwenye bei yenu, ama kwenye faida ya waliowekeza. Hili si la mbali. Mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza kuunganishwa hapa hapa Mombasa, kwenye kiwanda cha AVA. Mtu anayeunganisha magari hapa hununua vitu vingi vya kutozwa VAT njiani kuliko anayeleta chombo kizima kutoka ng'ambo, kwa hiyo ndiye anayeumia zaidi mstari ukihamishwa. Mimi naona ni kosa kubwa kumuumiza huyo wakati vijana wa Jomvu na Miritini wanahitaji kazi hizo.

Kwa hiyo mabadiliko yanaweza kuja. Lakini haraka ya muuzaji isiwe haraka yenu. Mwambieni awaandikie bei mbili kwenye karatasi moja: bei ya sasa, na bei atakayotoza kodi ikibadilika, na aonyeshe tofauti imetoka wapi. Mwenye hesabu safi ataandika jioni hiyohiyo. Akishindwa, basi anawatisha tu.

Ulizeni pia bei hiyo ina betri au haina. Kampuni nyingi nchini huuza pikipiki bila betri. Kijana hubadilishiwa betri kwenye kituo na kulipia kila mara, na betri inabaki mali ya kampuni. Si vibaya, ila maana yake ni kwamba kampuni ikifunga, mmebaki na chuma kisichotembea. Nendeni wenyewe mkaone vituo: Kisauni kipo? Bamburi? Kongowea? Kijana anayepaswa kuvuka daraja la Nyali kufuata betri atapoteza abiria wa asubuhi. Pikipiki za kuchajiwa zina faida nyingine: tangu 2023 mdhibiti wa nishati, EPRA, ameweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo, na saa za usiku ni nusu ya bei. Bei hiyo haiji yenyewe kwenye mita ya nyumbani, ni ya mita iliyoombewa kazi hiyo, basi ulizeni nani ataomba.

Kuhusu kuweka akiba kwenye kampuni yake, hapana. Nasema hapana bila kuzungusha. Mkinunua pikipiki kwake, mmeshajifunga na mafanikio yake. Mkiweka na akiba, siku kodi ikigeuka bei itapanda, vijana watachelewa kulipa, na kampuni itatetereka, yote kwa pamoja, na chama kizima kitakuwa upande mmoja wa mtumbwi. Kampuni yoyote inayokusanya pesa za umma kwa ahadi ya faida inapaswa pia kuwa na idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mwombeni aionyeshe.

Anzeni na pikipiki mbili, siyo kumi na mbili. Waendeshe miezi mitatu, katibu aandike kila jioni kilichoingia, kilicholipiwa betri na siku ambazo chombo kililala. Na hiyo karatasi ya bei mbili mkiipata, nitumieni nakala kabla hamjaitia saini, nitaipitia mstari kwa mstari.